Mama Yake Tindo

Celine Amondi alipewa kazi ya kumtunga Tindo, msichana mpiga mkuki ambaye angetembea na mchezaji katika mchezo wa kompyuta uliokuwa ukiundwa kwenye ofisi ndogo katika mtaa wa Fedha. Kila mwandani wa mchezaji lazima awe na safari yake. Safari ya Tindo ilikuwa kumtafuta kaka yake aliyemezwa na mto wenye majini. Bosi wa Celine, Mutunga, alitaka jambo moja tu: safari iwe na mwisho. Mchezaji gani atakubali kuzunguka mtoni siku zote?

Kumwambia Celine hivyo kulikuwa kumtonesha kidonda. Miaka sita sasa, nyumbani kwao Makongeni walikuwa wakizunguka hivyo hivyo. Kaka yake Odera, utingo wa lori, alisombwa na mafuriko. Dereva alipatikana, lakini yeye hakupatikana, hata kiatu chake. Wajaluo wana njia yao ya kumzika mtu wa namna hiyo. Hutwaa yago, lile tunda refu na zito la mwegea, wakalivisha sanda, wakalizika badala ya maiti, na matanga yakakaliwa kama kawaida. Lakini wazee wa ukoo walipolitaja jambo hilo, mama yake, Roseline, aliwatoa sebuleni kabla hawajamaliza chai. Alisema kumzikia mtu aliye hai tunda ni kumuua. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na wazee hawakurudi tena.

Basi Celine, aliyekatazwa kuomboleza nyumbani, akaenda kuomboleza kazini. Akamwandikia Tindo mwisho: akate yago, alifunge kwa nguo ya kaka yake, alizike. Mutunga, ambaye kwao Ukambani hawana mila hiyo, alipoucheza mwisho huo alisema usiguswe.

Kosa la Celine ni kuujaribu nyumbani, Jumamosi, akidhani mama yuko kanisani. Roseline aliingia, akasimama nyuma ya kiti, akaona kaburi kwenye skrini na tunda likishushwa ndani.

"Umemzika bila mimi?"

Celine akajitetea kuwa ni mchezo tu, maneno ambayo yeye mwenyewe hakuyaamini. Roseline akavuta kiti. Akamtazama Tindo, akauliza mamake huyo msichana yuko wapi. Celine akasema hakumweka. Alimwacha makusudi, ila hilo hakuthubutu kulitamka. Mama angekuwepo, mazishi yasingefanyika.

"Mweke. Mtoto wa mtu hazikwi kabla mama yake hajakubali."

Akaketi kungoja. Celine akamwandika mama, mwanamke mwenye leso kichwani, akamfikisha ukingoni mwa mto, na Tindo akamwonyesha tunda na kumuuliza kama wazike. Hapo vidole vikagoma. Jibu hilo halikuwa lake.

"Mama, ajibu nini?"

Roseline alisogeza kiti karibu na skrini, akamtazama yule mwanamke mwenye leso.

"Andika amekubali."

Kisha akashika kichwa kwa mikono yote miwili, akalia kwa sauti, akimwita Odera kwa jina, kilio cha msiba ambacho Makongeni nzima inakijua. Majirani wakaanza kufika, wakiuliza nani amefiwa. Celine akaufungua mlango, akawaambia ni kaka yake, akaanza kuwatolea viti nje.