Toleo Jipya na Msiba wa Kibara

Nilirudi Musoma na diploma yangu, nikafungua ofisi ya mifumo ya kompyuta mtaa wa Kitaji kwa jasho langu mwenyewe. Mwenzangu nilimkuta anatengeneza simu. Nilimfundisha, nikamfanya mshirika. Hapendi likisemwa, ndiyo maana nalisema.

Mfumo wa kiwanda cha samaki na ule wa ushirika wa maziwa Butiama tuliijenga kwa programu moja, ile inayokusanya vipande tulivyoandika na kuvifanya mfumo kamili. Toleo letu lilikuwa limezeeka, waliolitengeneza hawalirekebishi tena. Kiwanda kikasema tuhamie jipya, la sivyo mkataba hauendelei. Kiwanda hicho nilikileta mimi.

"Linafanya kazi, unaligusia nini?" mwenzangu akauliza.

"Sema unaogopa kusoma."

"Nyie wachunga ng'ombe wa Nyamuswa mnaswagaga tu, hata mbele kuna shimo."

"Na nyie wala dagaa mnaogopaga kila kisichonuka ziwa."

Tukawa tunapitana bila salamu. Kisha baba yake mdogo akafariki, akaenda Kibara msibani. Sikumsubiri. Nilihamisha mifumo yote miwili. Wa kiwanda ukajengeka safi. Wa maziwa ukagoma, maana ulitegemea kiongezo, kipande cha ziada cha programu alichoandika yeye, na toleo jipya halikukitambua. Maandishi ya asili ya kiongezo hicho alikuwa nayo kwenye kompyuta yake, huko huko Kibara, na Butiama walikuwa wanangoja marekebisho.

Kwetu mfiwa haulizwi habari za kazi mpaka matanga yaondolewe. Hata hivyo nilipanda gari, nikapita Bunda, nikafika.

"Bosi amekuja kunipa pole," alisema mbele ya wajomba zake, "au ana shida nyingine?"

"Pole tu, ndugu yangu."

"Na huo mkoba wa kompyuta?"

Wazee wote wakautazama begani kwangu. Nikasema siuachagi popote.

"Basi kaa ule."

Nikala ugali na sato. Sikumwomba kitu. Yeye alijua, na alinikaribisha tonge baada ya tonge.

Nikarudi, nikaurudisha mfumo wa maziwa kwenye toleo la zamani, wa kiwanda nikauacha kwenye jipya. Mkataba ukaendelea, nikausaini peke yangu.

Aliporudi aliangalia kioo cha kompyuta. "Kwa hiyo la zamani linafanya kazi."

"Kwa maziwa."

Leo tuna matoleo mawili katika chumba kimoja. Kabati la mafaili nimelisogeza katikati ya meza zetu. Maziwa ni yake. Samaki ni wangu.