Kijiti Mkononi mwa Nailantei

"Andika ni mimi," alisema Selestina. "Unaogopa nini? Kalamu ni yako, lakini mkono uliomchoma ni wangu. Andika tumalize."

"Mama, siandiki hivyo," alisema mwanawe, Bartolomeo.

"Basi mpe Hyasinta. Mwandiko wake mzuri, hata mimi nisiyejua kusoma nautazama naridhika."

Hyasinta, nesi wa utafiti, alikuwa kwenye kigoda upande wa pili wa mafiga, fomu juu ya magoti. Macho yake yalikuwa mekundu, na si kwa moshi. "Daktari, Bibi hajakosea," alisema. "Visanduku ni viwili. Kifo kinahusiana na dawa, au hakihusiani. Tia alama hiki cha pili, halafu hapa chini tueleze kwamba mgonjwa alichomwa chuma nyumbani. Wanaitaka kabla ya saa sita. Wala si uongo."

"Si uongo," Bartolomeo alirudia.

"Si uongo."

"Na wale watoto kumi na mmoja waliobaki?"

Hapo Hyasinta akainamia fomu yake, na Selestina akasukuma kuni ambazo hazikuhitaji kusukumwa. Nje ukungu wa Mbulumbulu ulikuwa umekaa juu ya mahindi, na ng'ombe walilia zizini kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuwakamua.

Aliyekuwa akiwakamua ni Nailantei, na Nailantei alikuwa mjini Karatu, katika chumba cha maiti. Binti wa miaka kumi na minne. Jana alfajiri Selestina alimwamsha kwa uji, akamkuta wa baridi. Baba yake, Saning'o, alikuwa njiani akitokea huko juu Ngorongoro. Kwenye simu aliambiwa mtoto anaumwa sana, aje. Hakuambiwa zaidi, maana habari ya namna ile haimwagwi kwenye simu.

Watu wa Mbulumbulu wana mengi ya kusimulia juu ya Bartolomeo, na wasiyoyajua huyatunga. Wanasema alizaliwa na kichwa kikubwa hata mkunga akauliza wa pili yuko wapi. Wanasema alipokuwa darasa la pili alikaa kwenye tuta akahesabu punje za ngano za shamba zima, na tembo walipotoka msituni wakala robo, alijua zimepungua punje ngapi na tembo yupi ndiye mlafi. Mbuzi wa jirani alikula daftari lake la hesabu, na tangu siku ile mbuzi yule hakukubali kuuzwa chini ya bei yake. Hayo ni ya kucheka. Yasiyo ya kucheka ni kwamba alikuwa na mdogo wake, Vedasto, mwenye kifafa. Masika moja barabara ilikatika, vidonge vikaisha, na mwezi haujaisha Vedasto akaanguka akiwa malishoni. Alianguka ukingoni mwa korongo. Walimtoa kwa kamba.

Bartolomeo hakulia sana. Alienda shule, akaenda nyingine, akavuka bahari akarudi na jina lenye herufi mbele. Alisomea kemia, na ndani ya kemia akachagua polima. Mama yake alipouliza polima ni mnyama gani, alimwambia afikirie watoto wa chekechea wanaovuka barabara ya lami, wameshikana mikono, mstari mrefu usiokatika. Ndivyo vijipande vidogo sana vinavyoshikana vikawa uzi, au mfuko, au ndoo. Ipo polima ya aina ambayo ukiiweka mwilini, maji ya mwili huwaachisha mikono mmoja mmoja, polepole, mpaka wote wametawanyika na hakuna kilichobaki. Ndizo nyuzi wanazoshonea vidonda hospitali, zile zisizotolewa.

"Sasa mama," alimwambia, "wale watoto nikiwapa kila mmoja chembe ya dawa abebe mfukoni, kila anayeachia mkono anaacha chembe yake. Mgonjwa anapata dawa mwezi mzima, na hajameza kidonge hata kimoja. Masika ikate barabara inavyotaka."

Selestina akasema, "Ungeyajua haya mapema."

Ndiyo kazi yake ya miaka kumi na saba. Kijiti kidogo kama punje ya ngano, kinachozikwa chini ya ngozi ya mkono wa juu. Kwa kijiti hicho alipanda cheo. Wenzake wa nchi nyingine waliandika, "kama alivyoonyesha Bartolomeo," na katika ulimwengu wao kutajwa hivyo ndiyo ng'ombe zao: mwenye wengi husimama mbele. Alitajwa mara mamia. Aliitwa kwenye mikutano ambako watu huvaa majina shingoni. Chuoni kwake Arusha faili lake la uprofesa lilikuwa limepita meza zote likabaki na moja, na meza hiyo ingekaa mwezi ujao.

Ndipo akaruhusiwa kujaribu kwa watu. Watoto kumi na wawili wenye kifafa, wa Karatu, Mang'ola na Ngorongoro, ambao vidonge viliwashinda kwa umbali. Saning'o ndiye aliyesumbua kukubali, kwa sababu neno kijiti alilijua kwa kile cha uzazi wa mpango, na hakutaka binti yake afungwe kizazi na watu wa chuo. Bartolomeo alikaa naye kutwa nzima bomani, akala kiapo kwa kaburi la Vedasto kwamba hiki ni kingine. Saning'o akaweka dole gumba. Na kwa kuwa boma lilikuwa mbali na kliniki, Bartolomeo mwenyewe akasema binti akae kwa mama yake Mbulumbulu. Hakuna mahali salama zaidi, alisema.

Nailantei alikuja na kovu la moto shavuni, pale alipowahi kuangukia mafiga ya kwao. Wiki ya kwanza Selestina hakumruhusu kusogea jikoni. Wiki ya nne alikuwa anakamua, anapika, anamwigiza padri mpaka Selestina anashika mbavu. Siku ishirini na nane hajaanguka. Hyasinta aliandika ishirini na nane kwenye daftari, akapigia mstari mara mbili.

Jumatatu waliweka kijiti cha pili, cha mwezi wa pili. Jumatano mkono ulivimba.

Selestina alikuwa ameona uvimbe mwingi kuliko madaktari wote wa wilaya, na dawa yake ilikuwa moja. Unaweka ncha ya mundu katika makaa mpaka iwe nyekundu, unagusa mara tatu juu ya uvimbe, unapaka siagi. Alichoma mabandama, matezi, viungo vya wazee. Bartolomeo mwenyewe ana makovu matatu chini ya mbavu za kushoto, ya mwaka aliovimba tumbo. Alhamisi jioni binti alilalamika kwamba mkono unawasha na kupwita. Selestina akamwambia atafune pindo la shuka, asitazame. Hakulia. Alisema tu anasikia usingizi, na Selestina akafurahi, akajua uvimbe umekubali.

"Ulinipa masharti," Selestina alisema sasa. "Nisilowanishe. Asikune. Asibebe ndoo kwa mkono ule. Nimeyashika yote, muulize Hyasinta. Moto hukuutaja."

"Najua sikuutaja."

"Kwa hiyo sikujua. Lakini kutojua si kutotenda. Waje wanichukue. Nina miaka sabini na tisa, watanifunga mingapi?"

"Bibi, hakuna wa kukufunga," Hyasinta alisema. "Ni fomu ya utafiti, si ya polisi."

"Fomu zote zina mjomba polisi."

Bartolomeo alikuwa amesimama mlangoni, kainama kidogo kwa sababu paa la jiko ni fupi. Alivuta fulana juu akashika makovu yake kama mtu anayetafuta kitufe. "Kuna mchoro," alisema.

Hyasinta akainua uso.

"Miaka mitano iliyopita. Tulipasha vijiti kwenye maabara, tuone kijiti kinavumilia joto gani. Joto la homa, sawa. Joto la jua la Mang'ola, sawa. Tukapandisha mpaka joto la chai, si ya kuchemka, chai ya kunyweka tu. Kikalegea. Dawa ya mwezi mzima ikatoka kabla mtu hajamaliza kikombe." Akaishusha fulana. "Niliuweka mchoro kwenye makala. Waliopitia makala kabla haijachapwa wakaandika, hili la nini, mwili wa nani utafika joto hilo. Nikautoa."

"Waliokuambia ni wao," Hyasinta alisema taratibu.

"Wao hawakuchomwa na mama yangu. Mimi nilikuwa na makovu haya mwilini, nikaketi na kujiuliza, mwili wa nani, nikakosa jibu."

Moto ulipasuka kidogo. Selestina alimtazama mwanawe.

"Sawa," Hyasinta alisema. "Sawa, Daktari. Tuwaonye basi. Leo hii nazunguka nyumba kumi na moja, nawaambia moto marufuku. Kijiti kibaki, kazi iendelee, wewe meza yako ikae mwezi ujao. Utafiti ukifungwa leo haufunguliwi tena. Nani atakupa ruhusa ya pili?"

"Hyasinta. Watoto hawa wanaugua nini?"

"Kifafa."

"Na mwenye kifafa huangukia wapi?"

Hyasinta akayatazama mafiga. Kovu la shavu la Nailantei wote watatu walilijua. Kijiti kilipunguza kuanguka, hakikukomesha. Siku moja tu, mkono mmoja tu juu ya jiwe la figa, na kinachomwokoa mtoto ndicho kitakachommaliza. Bartolomeo alikuwa ametengeneza dawa ya watu wanaoangukia moto, ikashindwa na moto.

"Ukivitoa," Hyasinta alisema, "wanarudi kuanguka. Koinet wa kule juu Ngorongoro alikuwa anaanguka mara nne kwa siku. Sasa analisha ndama. Unataka niende nimpasue mkono, nimwambie pole, vidonge viko kliniki, kilomita tisini?"

"Ndiyo."

"Na akifa kwa kuanguka?"

"Nitalibeba na hilo."

"Mabega unayo mawili tu, Daktari."

Bartolomeo akaichukua fomu magotini mwa Hyasinta. Hakukaa, aliibandika kwenye ukuta wa udongo akaandika akiwa amesimama, kalamu ikitoboa karatasi. Alitia alama kisanduku cha kwanza. Chini aliandika kwamba kijiti huachia dawa yote kinapopata joto. Kwamba mtafiti alilijua. Kwamba lilionekana maabara na likaondolewa kwenye maandishi. Kwamba vijiti vyote vitolewe leo. Akasaini kwa jina lote, bila herufi za mbele.

"Mundu wangu uko wapi hapo?" Selestina aliuliza.

"Nimeandika joto."

"Joto halina mikono. Niweke."

"Nimekuweka, mama. Mstari wa tatu. Nimeandika alichomwa kwa desturi ya nyumbani kwa mtafiti, naye mtafiti ana alama zilezile."

Selestina aliitikia kwa kichwa akaridhika, kama mtu aliyeongezewa kipimo.

Hyasinta akaipiga picha fomu kwa simu yake. Mtandao Mbulumbulu hauji jikoni, inabidi kuufuata nyuma ya banda la nguruwe, juu ya jiwe. Alikaa huko muda. Aliporudi viatu vilikuwa na tope, na alisema neno moja tu, imekwenda. Kisha akaanza kupanga vifaa kwenye begi lake: visu vidogo, bandeji, glavu, orodha ya nyumba kumi na moja. Alivipanga vibaya, akavitoa, akavipanga upya. Simu ya Bartolomeo ikaanza kuita. Arusha. Akaiacha iite mpaka ikanyamaza. Ikaita tena.

"Sasa bado mmoja," alisema Selestina. "Saning'o. Huyu si wa fomu. Nitamwambia mimi."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba binti yake alikuwa na uvimbe nikauchoma. Yeye ni Mmasai, chuma cha moto anakijua kuliko wewe. Atanielewa. Ukianza wewe na mambo yako ya kushikana mikono, utamchanganya tu, azike hajui anazika nini."

"Ndiyo maana husemi wewe," Bartolomeo alisema. "Atakuelewa, mama. Atakusamehe. Atasema ni mkono wa mama mzee, amri ya Mungu, atabeba maiti arudi. Na mimi nitakuwa nimepona."

"Kwani dhambi kupona?"

"Nilimwapia. Kwa kaburi la Vedasto."

"Usinitajie Vedasto jikoni kwangu."

"Daktari, hasira zake nani anazijua?" Hyasinta aliingilia. "Tusubiri mwenyekiti wa kitongoji afike kwanza. Au mwambie nusu leo, nusu baada ya kuzika."

"Nusu ipi?"

"Ile anayoweza kuibeba."

"Mimi nasema hivi," Selestina alianza, akijiinua kwa kushika goti, "nitamketisha hapa hapa, nimpe chai, halafu nimtazame machoni nimwambie, Saning'o, mtoto wako mimi ndiye..."

Mbwa hakubweka, alikuwa amezoea harufu ya ng'ombe. Mlango ulifunikwa na shuka nyekundu iliyolowa ukungu. Saning'o aliegemeza fimbo yake nje, akainama akaingia, kibuyu cha maziwa kikiwa kimebanwa kwapani ili kisipoe. Alimsalimia kwanza Selestina, kama inavyostahili, akainamisha kichwa mbele yake.

"Shikamoo, mama. Nimemletea ya ng'ombe wake mwenyewe. Amelala chumba gani?"