Vifuko Juu ya Kinanda

Kanisa la mji wa Hopkins, huku ugenini, halikuwa letu. Wazungu walisali asubuhi, sisi Wakongomani mchana, na Jumamosi kwaya yetu ilifanya mazoezi. Kiongozi wa kwaya nilikuwa mimi, na mdomo wangu, Mungu anisamehe, ulijulikana.

Mpiga kinanda wao, mzee mmoja mpole, alitujia mapema kutuomba radhi. Kuanzia Alhamisi hadi Jumamosi jioni, alisema, kinanda kitalia bila kunyamaza hata kidogo. Ndio muziki wenyewe, na aliuandaa mwaka mzima. Aliweka vifuko vizito juu ya vibonye vya kinanda vilie vyenyewe, na kila baada ya saa kadhaa alikuja kuvihamisha. Nikamjibu hakuna shida.

Wapi! Jumamosi tulishuka kwenye ukumbi wa chini ya kanisa kuimba, lakini ule mvumo, uuuu, ukatufuata hukohuko. Wanaume wakapoteza sauti zao, wasichana wakaanza kucheka, na harusi tuliyoalikwa kuimba ilikuwa wiki ijayo. Nikapanda ngazi nimefura. Huu ni muziki au friji? Kanisani hapakuwa na mtu. Nikaviondoa vifuko vyote vitano. Tuimbe wimbo mmoja tu, nivirudishe, nani atajua?

Tuliimba vizuri, tena vizuri sana. Niliporudi juu sikukumbuka kipi kilikaa wapi, nikabahatisha. Kinanda kikalia, lakini hata mimi nilisikia kwamba sivyo.

Mzee akaja saa tisa. Alisikiliza, akatazama daftari lake, akatazama vibonye. Mimi nilikuwa mlangoni, jibu la kumrushia nimeshaliandaa. Kumbe hakuwa na ugomvi na mtu.

"Nimezeeka," akaniambia. "Nimeviweka vibaya mwenyewe. Tangu asubuhi vinalia hivi, wala sikusikia."

Akalifunga daftari. Sema, mama, sema, nikajiambia! Ulimi wangu, uliozoea kukaripia watu wazima mbele ya kwaya nzima, siku hiyo uligoma. Nikamshika bega, nikampa pole. Pole! Mimi!

Kesho yake tulifika mapema, ibada yao haijaisha. Mzee alikuwa amesimama mbele, anawaambia waumini wenzake kwamba masikio yamemsaliti na hatapiga kinanda tena. Wakasimama wote kumpigia makofi. Wanakwaya wangu wakanitazama wajue wafanye nini, nami, kwa aibu ambayo mpaka leo haijanitoka, nikapiga makofi kwa nguvu kuliko wote.