Mchoraji wa Muthara na filamu ambayo haikuwapo

Ukungu bado umelalia barabara ya Muthara, na Cicily Karambu anamfuta shujaa wa wiki iliyopita. Brashi inapita kwenye paji la uso, kisha machoni, kisha mdomoni. Muda si mrefu ubao wa plaiwudi ni mweupe tena, ingawa ukiutazama kwa upande bado unaona kivuli cha mtu aliyeshika upanga.

"Hawa hawaendi popote," anasema. "Filamu moja inalala juu ya nyingine. Mimi huwasikia wakinong'onezana huko chini."

Karambu, 52, huchora mabango ya ukumbi wa video unaomilikiwa na Kiogora, chumba cha mabati kando ya soko. Hulipwa shilingi mia nne kwa bango. Riziki nyingine hutoka kwenye shamba lake la maharagwe. Filamu yenyewe huitazama mwanzo tu. Iliyobaki huiota.

"Nikijua mwisho, mkono unakufa ganzi."

Aprili mwaka jana radi iliunguza projekta. Ili wateja wasidhani amefunga biashara, Kiogora alimwomba achore chochote.

"Nilimwambia, Kiogora, siwezi chora kitu sijaona. Akaniambia, 'Chora tu, dada, hata kama ni ndoto.'"

Basi akachora ndoto. Mwanamke anatembea juu ya vilele vya miti ya miraa, miguu mitupu, milima ya Nyambene ikielea nyuma yake. Mgongoni amebeba mlango mzima, kamba imepita kipajini kama ya mzigo wa kuni. Chini aliandika: MLANGO MGONGONI.

Siku ya soko watu walisimama mbele ya bango wakasahau viazi walivyokuja kununua. "Anaupeleka wapi?" waliulizana.

Jumamosi projekta iliporudi kutoka kwa fundi, ukumbi ulifurika. Kiogora akaweka filamu ya makonde. Wakaizomea.

"Walitaka mwanamke wa mlango," Kiogora anakumbuka akicheka. "Nikawaambia hayuko. Ikawa kelele. Nikamwita Karambu aje ajieleze mwenyewe."

Karambu alikuja. Umati haukumtisha. Kilichomtisha ni kumwona mama yake, Muthoni, ajuza wa miaka 79 ambaye hakuwahi kukanyaga ukumbi huo, ameketi benchi la mbele.

Karambu alikuwa na miaka sita baba yake alipofariki, na shemeji wakambomolea Muthoni nyumba. Mjane huyo aliondoka na watoto wake na mlango, kitu pekee alichokuwa amenunua kwa pesa zake, akavuka nao milima hadi Muthara. Safari hiyo haikutajwa tena nyumbani.

"Niliona nimeanika aibu ya mama barabarani," anasema Karambu. "Nilisimama hapo mbele, nikimtazama yeye tu."

"Tuambie basi! Anaupeleka wapi?" mtu akapaza sauti.

Muthoni akainuka taratibu.

"Huyo mwanamke ni mimi," akasema. "Na hata mimi sikujua naupeleka wapi. Nilijua tu kwamba ukiwa na mlango, ukuta utafuata."

Bi kizee akamgeukia binti yake. "Lakini sikupita juu ya miti, Karambu. Nilipita matopeni. Hivi ulivyonipitisha wewe ni vizuri zaidi."

Kisha akaketi, akasimulia safari yote, mvua ikigonga mabati. Hakuna aliyeondoka.

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada, Karambu na Kiogora hurekodi simulizi hiyo kwa simu. Akina mama wa kanisani ndio waigizaji. Lenah, mshonaji mwenye shingo ndefu, anamwigiza Muthoni, naye Muthoni humsahihisha: "Usilie hapo. Sikuwa na nafasi ya kulia."

Sehemu moja inawasumbua bado: kutembea juu ya miraa. Mkulima jirani, Mutembei, amewaruhusu wapitishe mbao kati ya matawi, mradi wasivunje hata chipukizi moja.

Karambu anatumaini filamu itakamilika Desemba. Na onyesho la kwanza halitakuwa Muthara.

"Nataka tuipeleke kule tulikofukuzwa," anasema, brashi ikining'inia mkononi. "Wale wazee walishakufa. Watoto wao ni binamu zangu, na hawajui chochote. Nataka waje tu, tukae nao benchi moja, taa izimwe, tuone pamoja."