Kibao cha Mninga Nilichokipeleka Handeni

Afadhali mlisikie kwangu mwenyewe, maana huko Handeni wameshaongeza chumvi: ndiyo, mimi seremala wa Manundu, Korogwe, mzee mwenye wajukuu saba, nilimwamkia shikamoo mdogo wake mke wangu mbele ya watu, na hadi leo namwamkia.

Chanzo ni ubishi. Shemeji yangu huyo, Rajabu, ambaye nilimwoa dada yake yeye akiwa bado anakojoa kitandani, alijigamba kwamba kwenye mpira wa meza hakuna mzee wa Korogwe wa kumfunga. Nikamwambia tucheze, atakayefungwa amwamkie mwenzake mwaka mzima. (Mdomo huu!)

Binti yangu Mwajuma anaujua mchezo, akanionya: "Baba, chonga kibao cha mbao nyepesi. Ukitumia mbao ngumu, basi bandika raba laini ishike mpira. Ngumu kwa ngumu utapiga hadi Mombo."

Nikamjibu, "Shule niliishia la pili, lakini mbao hunifundishi."

Nikachukua mninga, mninga wenyewe hasa, uliobaki nilipotengeneza mlango wa msikiti, nikabandika raba ngumu kuliko zote dukani, halafu nikafanya ambavyo fundi anayejiheshimu hufanya, nikapiga msasa na vanishi mikono mitatu, mpaka kwenye mpini, ukitazama unaona meno yako.

Handeni, nyumbani kwa Rajabu, watu wamejaa, kina mama wanapika pilau pembeni. Mpira wangu wa kwanza ukapita juu ya kichwa cha Rajabu ukamwangukia mbuzi wa jirani. Wa pili vilevile. "Fundi, meza ni hii hapa, siyo ya Mazinde!" mtu akapiga kelele. Mkono ukachoka kama nimeshika shoka, jasho likateremkia kwenye ile vanishi yangu, nami kwa hasira nikavuta nguvu zote nikapiga, mpira nikaukosa, kibao kikachomoka mkononi, kikaenda zake, pwaa! katikati ya sufuria la pilau.

Mke wangu akakiopoa taratibu, akakikung'uta wali. "Baba Mwajuma, si ungesema tu umeniletea mwiko."

Watu wakacheka hadi wakakaa chini, na mimi nikacheka, ningefanyaje? Rajabu akaniazima kibao chake cha akiba, chepesi kama muhogo mkavu, nikapata pointi nne mfululizo, lakini mwenzangu alikuwa amebakiza moja tu, akaipata.

Nikavua kofia. "Shikamoo, Rajabu."

Akatoa kifua. "Marahaba, mwanangu. Shule unakwenda?"

Nimeapa sitachagua tena kibao kama nachagua mlango. Ninachochonga sasa ni chepesi, raba kachagua Mwajuma, na mpini sijaugusa na vanishi. Ule mninga nimeubandua raba, mke wangu anasongea ugali, anasema haujawahi kutokea mwiko kama huo.

Mwaka haujaisha. Rajabu hupiga simu kila asubuhi, hana shida yoyote, anasubiri tu aamkiwe. Jana kapiga mara mbili, eti ya kwanza hakusikia vizuri.