Aliyepiga Honi Ziwani

Habari za kifo chake nilipewa na mtani wake, mama wa Kinyamwezi anayepika chakula karibu na kijiwe cha bodaboda kule Nzuguni, na alizitoa kama watani wanavyozitoa. "Mgogo wangu amenikimbia," alisema kwenye simu. "Amekufa msimu wa kulima, ili jembe tulishike sisi." Kisha nikasikia pumzi zake zikipanda na kushuka, nikajua kwamba kweli amekufa. Aliyefariki ni yule mwongozaji wa watazama ndege ambaye baadhi yenu mlisafiri naye. Wengine hamkuwahi kumwona, mlisikia jina lake tu, tena mlilisikia likiwa limeshachafuliwa. Nimejaribu kuandika kumbukumbu ya upole, kama mlivyozoea katika safu hii, na imenishinda. Leo naandika nikiwa na hasira. Lakini nimeumbwa kueleza mambo hatua kwa hatua, kwa hiyo hata hasira hii nitaieleza hivyo hivyo, ili kila msomaji aielewe, na hasa msomaji mmoja ambaye sitamtaja jina.

Marehemu alizaliwa Bahi, kwenye mashamba ya mpunga. Mtoto wa Bahi hufahamiana na ndege kwa kuwafukuza: anasimama shambani tangu alfajiri, anapiga debe, anarusha udongo, na jioni anarudi nyumbani akiwa amewachukia ndege wote duniani. Yeye aliwafukuza kama wenzake, ila alikuwa akiwatazama wanapokwenda. Alipokuwa mtu mzima alikuja mjini, wakati ofisi za serikali zilipohamia na Dodoma ikajaa watu wenye mishahara wasiojua sikukuu ya Pasaka waimalizie wapi. Akaona kazi hapo. Angewapeleka kaskazini, kwenye milima ya volkano na maziwa ya magadi, awaonyeshe ndege. Gari hakuwa nalo. Akampata mwenye magari, mzaliwa wa huku huku kwetu, wakaelewana: mmoja alete magurudumu, mwingine alete macho.

Nilisafiri naye mara moja tu, na ilitosha. Tulipita Kondoa na Babati, tukashuka hadi bonde la Ziwa Natron, mahali ambapo ardhi inaonekana kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Vumbi lake ni majivu. Mawe yake yana matundu kama mkate. Mlima Ol Doinyo Lengai umesimama peke yake, kilele kimepauka, na mbavu zake zina mifereji mirefu iliyochongwa na mvua. Njia nzima marehemu alikuwa na utaratibu mmoja ambao hakukubali kuulegeza. Ukiona ndege, hukurupuki na kamera. Unashuka garini bila kubamiza mlango, unasimama, unanyamaza. Aliyevaa shati jeupe anakaa nyuma, kwa sababu ndege hulitilia shaka.

"Ameshawaona," alikuwa akituambia. "Sasa mpeni nafasi awazoee."

"Mwalimu, tukinyamaza sana tutasinzia," alilalamika bwana mmoja wa ofisi ya mipango.

"Sinzia, mheshimiwa. Ndege hamwogopi mtu aliyesinzia."

Mbele kidogo akatuonyesha karani tamba, ndege mrefu mwenye manyoya ya kisogoni, ambaye huwinda nyoka kwa miguu. Alikuwa akikatiza nyasi kwa haraka, kichwa juu. "Mtazameni anavyowahi," akanong'ona, "na hakuna anayemngoja." Bwana yule wa mipango akauliza ndege huyo ni wa wizara gani. "Yenu, ndugu yangu. Una bahati, leo umemkuta kazini." Tulicheka kwa kuziba midomo, na karani tamba hakushtuka. Hiyo ndiyo furaha aliyotupa yule mtu: kuwa karibu na kiumbe bila kumkimbiza.

Ziwani tulikuta heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, wamejaa majini mpaka mbali, vichwa chini, wanakula. Naomba nieleze jambo hapa, kwa ajili ya wasiowahi kufika. Heroe hatoi picha nzuri akiwa anakula, kwa kuwa rangi yake kali imefichwa chini ya bawa. Akiruka, ndipo anapowaka. Lakini kumrusha ni kumtoa kwenye chakula chake, na akirushwa karibu na mahali pa kutagia, huenda asirudi kwenye yai. Kwa hiyo marehemu aliyasimamisha magari kwenye changarawe, akasema twende kwa miguu, tukae, tungoje waruke wenyewe. Mwenye magari, ambaye siku hiyo aliendesha gari la mbele kwa mkono wake, hakutaka kungoja.

"Watu wametoka Dodoma, migongo imewauma, halafu waone ndege wameinamisha vichwa? Ngoja niwaamshe."

"Usiende. Hapo mbele ni magadi. Juu pagumu, chini uji."

"Gari ni langu, bwana."

"Gari ni lako. Ndege si wako."

Mwenye magari akarudi kwenye usukani. Alipiga honi huku akiendesha, moja kwa moja juu ya ganda lile jeupe, na heroe wakanyanyuka wote, ziwa likafunikwa na waridi na weusi, na baadhi ya wenzangu wakapiga makofi. Marehemu aliinamisha kichwa. Makofi yalikuwa hayajaisha gari lilipozama hadi milangoni.

Tulilivuta kwa kamba tukisaidiwa na vijana wa Kimasai, na askari wa eneo lile wakaja kuuliza nani ameruhusu gari kuingia ziwani na nani amewatawanya ndege. Mwenye magari akawahi kusema. "Mwongozaji wetu ndiye aliyetuelekeza. Mnisamehe, alikuwa ameonja kidogo." Marehemu hakuwahi kuonja pombe, wala kidogo wala nyingi, na alikuwa mwimbaji wa kanisani. Nilisimama nikasema kwamba huo ni uongo. Nikaambiwa mimi ni mgeni, nirudi garini. Waliopiga makofi walikuwa wakitafuta maji ya kunawa tope. Marehemu akapigwa marufuku kuleta wageni pale, na kabla hatujafika nyumbani, Dodoma ilikuwa imeshajua kwamba yule Mgogo wa Bahi alilewa akazamisha gari la watu.

Kwa nini tuliuamini uongo ule upesi hivyo? Nimelifikiria sana swali hili. Nadhani ni kwa sababu katika mji wetu mpya tumezoea kumheshimu mwenye chombo. Mwenye gari ndiye mwenye safari, mwenye ukumbi ndiye mwenye harusi, na mwenye kipaza sauti ndiye mwenye hoja. Anayejua kazi anapewa kiti cha nyuma, na mambo yakiharibika yeye ndiye anayefaa kulaumiwa, kwa kuwa kumlaumu hakumpunguzii mtu nafasi garini. Tena kulikuwa na ule msemo wa chini chini wa wageni wa mji: Mgogo, kaskazini anajulia wapi? Nilieleza mezani kwa watu, nilieleza ofisini, nikaonekana nina chuki na mfanyabiashara. Marehemu mwenyewe aliomba jambo moja tu. Alimwomba mwenye magari aende kwa wale askari aseme nani alikuwa kwenye usukani, ili aruhusiwe tena kwenda. Alimwomba kwa simu, akamwomba kanisani, akamwomba msibani kwa watu. Kila mara alijibiwa, "Tutaongea." Safari ziliendelea bila yeye, na yeye akarudi Bahi, kusimama kwenye mpunga na kufukuza ndege kwa debe. Ugonjwa wa moyo ulimkuta hapo.

Tulimzika Bahi. Mwenye magari alikuja, miwani myeusi, shada kubwa kuliko ya wote, na karatasi ya hotuba mfukoni. Alikuwa amepiga hesabu zake vizuri. Kwetu ndugu wa marehemu hawafufui ugomvi mbele ya jeneza. Ni aibu kwa ukoo mzima. Alijua hakuna atakayemgusa. Alichosahau ni watani. Niwaeleze vijana mliokulia mijini: Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani msibani hafungwi na adabu inayowafunga ndugu. Anaweza kuvaa nguo za marehemu na kumwigiza. Anaweza kuzuia maziko mpaka alipwe faini yake. Na ukimkasirikia, aibu ni yako.

Jeneza lilipofikishwa kaburini, mama yule wa Nzuguni akajitokeza amevaa kofia ya marehemu, shingoni amening'iniza chupa mbili za maji zilizofungwa pamoja kuwa darubini. Watu wakaanza kutabasamu huku machozi yakiwatoka. Akaweka chupa machoni.

"Msikurupuke, wageni wangu. Pale tunaye mwenye kola nyeupe. Huyu huonekana penye ubwabwa." Mchungaji akacheka. Akanigeukia mimi. "Huyu haimbi. Hudonoa karatasi, hushiba, hulala." Kisha akasogea mpaka kwa mwenye magari, akamzunguka. "Na huyu? Huyu ni adimu. Hana kiota. Hutaga kwenye kiota cha mwenzake, na mwenye kiota ndiye anayesukumwa chini."

Mwenye magari akajitahidi kucheka, akatoa pochi. "Haya mtani, chukua faini yako."

"Rudisha. Leo sili noti. Kila ndege na mlio wake, nataka kuusikia wako. Kule ziwani ulilia vipi?"

Mwenye magari akarudisha pochi mfukoni. Mama akaenda kuketi juu ya udongo, miguu ikining'inia kaburini. "Asipolia, huyu hazikwi."

Mwenye magari akawatazama wazee. Wazee wakatazama mpunga. Akamtazama mchungaji, mchungaji akafunga kitabu. Jua lilikuwa kali, jeneza limewekwa juani.

"Pii," akasema.

Mama hakucheka. "Na nani alikuwa kwenye usukani?"

"Mimi."

"Sema tena. Mimi masikio nimeyaacha Tabora."

"Mimi ndiye niliyeendesha. Mimi ndiye niliyepiga honi. Yeye alinikataza."

Mama akainuka, akavua kofia, akaiweka juu ya jeneza, akalia kama mfiwa mwingine yeyote. Hotuba haikusomwa. Nami sitawadanganya, wasomaji wangu: nilifurahi. Nilimtazama yule mtu akifuta jasho chini ya miwani yake, nikatamani aulizwe tena, na tena, mbele ya kila aliyewahi kupanda gari lake. Nilikuwa bado na furaha hiyo nilipokwenda kumpa pole mama mzazi wa marehemu, mzee sana, ambaye Kiswahili chake ni cha kuokoteza. "Mbukwa, mama," nikamwamkia kwa Kigogo. Akanishika mkono.

"Amesema yeye mwenyewe?"

"Amesema, mama. Wote wamesikia."

"Kwa hiyo sasa wamemruhusu? Anaweza kwenda tena kule kwenye mlima?"

Furaha yangu ilinikauka pale pale, ikabaki hasira, nayo sitaki iniishe. Mchungaji ameniambia nisamehe. Nimemjibu kwamba nitasamehe siku mwenye magari atakapokwenda kaskazini akayasema maneno yale kwa askari walio hai. Anaijua njia.

Na kwenu mliokuwa garini siku ile mkapiga makofi, na kwenu wote ambao mmewahi kusikia mtu akisingiziwa mkaona si shughuli yenu, nasema hivi, tena kwa mapenzi. Maneno ya kumsafisha mtu hayana uzito kaburini. Yanatakiwa asubuhi akiwa anafunga viatu, anangoja simu ya kumwita kazini. Kama unayo maneno hayo juu ya mtu aliye hai, acha gazeti hili mezani, umalizie baadaye. Nenda kayaseme sasa, mahali alipochafuliwa, kwa sauti, na kwa jina lake.