Mwenyekiti Aliyenyimwa Maombi

Habari za kifo cha mwalimu wangu wa historia zilinikuta sokoni Daraja Mbili nikichagua ndizi. Mtu wa kijijini kwake, Nyaramba, alinipigia simu, akasema tu, "Mwalimu ametuacha." Nilisikitika sana, kisha, Mungu anisamehe, nikaanza kucheka, na mama muuzaji akadhani nazicheka ndizi zake. Wasomaji wangu mtanielewa nikiwaeleza.

Darasani mwalimu alipenda mno kisa cha mfalme mmoja wa Ulaya ya kale aliyekosana na papa. Papa alimtenga na kanisa, raia wakaambiwa kiapo chao kwake hakina kazi tena, na mfalme, licha ya majeshi yake yote, akaenda kusimama miguu mitupu kwenye theluji akiomba msamaha. Theluji hatukuijua, basi mwalimu akatuambia tufikirie mvua ya mawe iliyofunika shamba la chai. Halafu alicheka mpaka miwani ikateleza. "Mtu ako na jeshi nzima, anaogopa mtu wa kanzu."

Alipostaafu, wakulima walimchagua mwenyekiti wa kituo cha kununulia majani chai, na cheo hicho alikipenda kuliko ualimu. Jumamosi moja wingu zito lilitanda. Yeye, Msabato wa kuzaliwa, aliona giza, akaamua kwamba jua limetua na Sabato imekwisha, akabeba kikapu mgongoni achume chai kabla mvua ya mawe haijaanguka. Mzee wa kanisa, jirani yake, akapita akitoka ibadani. "Mwalimu, hiyo kikapu ni ya nini siku ya Sabato?" "Sabato imeisha, mzee. Jua imeingia." Hapo hapo wingu likapasuka, jua likawamulika wote wawili, na kikapu pia. Mwalimu akawekwa marudi, adhabu ya kanisa: asiombe mbele ya watu hadi atubu.

Sasa, kwetu mkutano wa wakulima haufunguliwi bila maombi, na anayeomba ni mwenyekiti. Siku ya kujadili barabara ya kituo alisimama akasema, "Tuombe," na hakuna aliyefumba macho. Karani, Mkatoliki mpole, alijitolea kusaidia, lakini alipoanza kwa ishara ya msalaba nusu ya wakulima wakashikwa na kikohozi. Mkutano ukavunjika. Minong'ono ya kutafuta mwenyekiti mwingine ikaanza, huku lori la chai likizidi kukwama matopeni. Mwalimu alijikaza, kisha asubuhi moja ya baridi akaenda kwa mzee wa kanisa kutubu. Mzee alikuwa anakama ng'ombe, akamwacha asimame langoni mvuani mpaka ndoo ijae. Baadaye mwalimu aliniambia, safari hii bila kicheko, "Yule mfalme nilimwonea. Alijua kiti chake kinashikiliwa na nani."

Nilikuwa nyumbani kumsaidia mama kupeleka chai siku mwalimu aliporuhusiwa kuomba tena. Alisimama mbele ya wakulima, akasema, "Tuombe." Macho yote yakafumbwa, isipokuwa langu moja, maana kazi hii ya magazeti imeniharibu. Mzee wa kanisa alikuwa mstari wa mbele, kichwa ameinamisha, na miguuni pake gunia la majani yaliyoanza kunyauka kwa kukosa lori. Akaitikia "Amina" kabla ya mtu yeyote, tena kabla maombi hayajaisha.

Inaniuma kwamba sikuwahi kumsimulia mwalimu nilichokiona, kwani yeye alikuwa amefumba macho. Alikwenda kaburini akidhani ni yeye peke yake aliyemhitaji mwenzake. Tangu siku ile, nikiona wakubwa wa serikali na wa madhabahu wakibarikiana, sihangaiki kutazama nani amemwinamia nani. Natazama gunia ni la nani.